Kinachobaki baada ya bili: kisa cha mwanachama mmoja wa SACCOS, Moshi

Mwanzoni mwa Februari, ombi la mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 lilifika mbele ya kamati ya mikopo ya SACCOS yetu, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hapa Moshi. Mwombaji ni karani wa hesabu katika kampuni binafsi, mama wa mtoto mmoja aliye darasa la pili, na amepanga vyumba viwili Pasua. Fomu yake haikuwa na dosari: wadhamini wawili walikuwa wametia saini, hati za mshahara za miezi mitatu zilikuwa zimeambatishwa, na mkopo wake uliotangulia alikuwa ameumaliza Januari ya mwaka uliopita bila kuchelewesha rejesho hata moja. Kwenye nafasi ya sababu ya mkopo alikuwa ameandika, "Kodi ya nyumba na mahitaji binafsi." Maneno hayohayo ndiyo aliyoyaandika alipoomba mkopo ule wa kwanza, na hilo ndilo lililonifanya niiombe kamati inipe siku chache nikae naye kabla hatujaamua. Amekubali niandike habari zake kwa faida ya wanachama wengine, mradi nisimtaje jina wala mahali anapofanya kazi.

Nianze na mshahara, kwa sababu watu wengi, wakiwemo wajumbe wenzangu wa kamati, huuzungumzia mshahara kwa ile namba ya juu ambayo mwenye mshahara haigusi kamwe. Mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 650,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 65,000. Kinachobaki, 585,000, ndicho kinachotozwa kodi ya mapato: shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, kuanzia hapo hadi 520,000 anatozwa asilimia 8, na kinachozidi kiwango hicho mpaka 760,000 kinatozwa asilimia 20, hivyo kodi yake ni 33,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, shilingi 97,500, kwa ajili ya mkopo aliosomea chuo. Akiba yake ya SACCOS ni 30,000. Mkononi anapokea shilingi 424,500.

Kwa kanuni tunayoitumia kamati nyingi, ile iliyotokana na utaratibu wa utumishi wa umma wa kutaka mfanyakazi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote, ombi hili lilikuwa jepesi mno. Theluthi ya 650,000 ni takribani 216,700. Rejesho la mkopo alioomba, kwa riba yetu ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio, lingekuwa takribani 110,000, na angebaki na 314,500. Kanuni ilikuwa inasema apewe. Sina ugomvi na kanuni hiyo, kwani imewaokoa watumishi wengi wasigeuke watu wa kusaini mshahara tu na kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini kanuni inauliza kinachobaki baada ya makato, wala haiulizi kinachobaki baada ya maisha, na mkopo haulipwi kwa kanuni.

Nilimwomba aandike bili zake za mwezi. Aliziandika nyuma ya hati ya mshahara, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa hesabu, kila tarakimu chini ya mwenzake: chakula 150,000, umeme 20,000, maji 12,000, mtungi mdogo wa gesi 24,000, nauli 30,000, bando 10,000, chakula cha mtoto shuleni na twisheni 20,000, na mama yake mzazi aliyeko Machame 30,000. Jumla 296,000. Akapiga mstari, akatoa kwenye 424,500, akapata 128,500. Aliitazama namba hiyo kwa muda, kisha akaniambia, "Mama, hii laki moja na ishirini na nane, mimi sijawahi kuiona."

Nilimwamini. Orodha yake haikuwa ya uongo, na kwa bei za soko la Mbuyuni wala haikuwa ya mtu anayejistarehesha. Hiyo 150,000 inatosha tu kwa kuwa ndizi, maharage na mboga kiasi humfikia kutoka nyumbani kwao. Hata kwenye umeme hakukuwa na ufujaji, maana ndani ya elfu ishirini ile imo kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kodi ambayo kwa haki ni ya mwenye jengo ingawa anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Tatizo la orodha lilikuwa mahali pengine. Alikuwa ameandika yale yanayodaiwa kila mwezi, na akayaacha yote yanayodaiwa kwa mwaka, kwa msimu au kwa ghafla, kana kwamba hayo yanalipwa kwa mshahara wa mtu mwingine.

Kodi ya nyumba, kwa mfano, haikuwemo kabisa. Nilipomuuliza alishangaa, akajibu kwamba kodi si ya mwezi. Analipa miezi sita kwa mkupuo, Februari na Agosti, shilingi 480,000 kila mara, na mara zote mbili hukopa. Lakini nyumba anaikalia kila siku, na kila siku ile kodi inaiva. Ukiigawa, ni 80,000 kwa mwezi, ambayo ndiyo bili kubwa kuliko zote baada ya chakula. Utaratibu huu wa kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja tumeuzoea kiasi kwamba hatuoni unavyotudanganya: kwa miezi mitano mpangaji anajiona ana nafasi, na mwezi wa sita anajiona amepatwa na janga, wakati hakuna kilichobadilika zaidi ya tarehe.

Tukaendelea na mengine. Mtoto anasoma shule ya serikali, ambako ada haitozwi, lakini sare, viatu, begi na madaftari vinamgharimu karibu 150,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa Januari. Mwajiri hana mpango wa bima ya afya, na kwa mwaka uliopita zahanati na dawa zilimla 120,000. Ahadi ya ujenzi kanisani ni 60,000. Desemba ni 180,000, na hapa mtu wa Moshi haelezwi mengi: ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, nyumba ya Machame inajaa, na yeye aliye karibu ndiye anayetangulia kununua mchele, mafuta na sukari, na ndiye anayetafutwa mbuzi akipungukiwa fedha.

Halafu ikaja michango. Hapa tulitumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hakuwa ameiandika kokote na ilibidi tuitafute kwenye simu, ujumbe mmoja baada ya mwingine, tukisoma uthibitisho wa fedha alizotuma na majina ya makundi ya kamati aliyoingizwa. Harusi ya binti wa jirani, ambako kadi ya mtu mmoja ilikuwa 50,000. Kipaimara cha mtoto wa mwenzake wa kazini, 20,000, na kingine cha mtoto wa binamu, 30,000. Misiba mitatu ya ukoo, miwili ya kazini. Mchango wa kumwona mama aliyejifungua. Mchango wa kumuaga meneja aliyehamishwa. Tulipomaliza miezi kumi na miwili tulikuwa na 336,000, na yeye mwenyewe, kabla hatujaanza, alikuwa amekadiria "labda laki moja na nusu." Sioni aibu yoyote katika fedha hizi. Mimi nimezika mzazi kwa michango ya watu wa aina yake, na atakayemwambia aache kabisa kuchanga anamwambia aishi peke yake katika mji ambao hakuna aishiye peke yake. Ila mchango ni bili. Unakuja kila mwaka, kiasi chake hakitofautiani sana na cha mwaka uliotangulia, na mtu anayeuita dharura miaka yote hana tofauti na anayeiita masika dharura.

Ukijumlisha kodi ya nyumba 960,000, shule 150,000, matibabu 120,000, kanisa 60,000, Desemba 180,000 na michango 336,000, unapata 1,806,000 kwa mwaka, yaani 150,500 kwa mwezi. Ile laki moja na ishirini na nane na mia tano haikuwa imepotea, wala haikuibwa, wala haikuliwa ovyo. Ilikuwa na wenyewe tangu kabla haijaingia, na bado walikuwa wanadai 22,000 zaidi.

Na mpaka hapo mwombaji mwenyewe hatujamhesabia hata shilingi moja. Nilimuuliza anakula nini asubuhi akiwa kazini, akasita, halafu akasema chai na maandazi mawili, shilingi 1,000. Nikamuuliza nywele, akasema anasuka kwa mwezi mara moja, 15,000, na akaongeza haraka kwamba akitaka anaweza kuacha. Namna alivyoyasema hayo ilinihuzunisha kuliko namba zote tulizoziandika siku ile. Huyu ni mfanyakazi mwenye mshahara, anaamka saa kumi na moja, anamlea mtoto peke yake, anamtunza mama yake, halafu chai ya saa nne anaieleza kama mtu anayeungama. Kwa siku 24 za kazi, chai ni 24,000. Pamoja na nywele ni 39,000. Hiyo ndiyo fedha yake binafsi yote kwa mwezi. Nguo ananunua mara chache kwenye soko la mitumba la Memorial, na mwaka uliopita alivaa zile alizoletewa na kaka yake.

Nilimwambia aiandike, na aiandike kwa wino uleule alioandikia maji na umeme. Sikufanya hivyo kwa kumwonea huruma. Fedha ya mtu mwenyewe isipopewa nafasi kwenye hesabu haiachi kutumika. Inatumika kwa kificho, na inayotumika kwa kificho hukopwa. Ukiongeza 39,000 kwenye 22,000, upungufu wake ni 61,000 kwa mwezi, au 732,000 kwa mwaka. Basi nikamwomba anitajie madeni yote aliyonayo nje ya SACCOS. Mikopo ya simu 180,000. Duka la Mangi mtaani kwake 85,000. Mwenzake wa ofisini 90,000. Kikoba 300,000. Jumla 655,000, yote yakiwa yamezaliwa ndani ya mwaka mmoja tangu alipomaliza mkopo wetu wa kwanza. Kaka yake alimtumia fedha kidogo wakati wa Pasaka, na hiyo inakaribia kuziba pengo lililobaki kati ya namba hizo mbili. Tulikuwa tumeufikia mwisho mmoja kwa njia mbili zisizojuana: orodha ya matumizi ilisema anapungukiwa kiasi gani, na orodha ya madeni ikathibitisha.

Mkopo wa simu unastahili aya yake. Alianza kwa kukopa 20,000 ili kununua LUKU usiku, na sasa kila mshahara ukiingia benki akahamishia 100,000 kwenye simu, sehemu kubwa inamezwa papo hapo na deni pamoja na ada zake, hivyo anakopa tena kabla ya wiki kwisha. Hajafika kwenye kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba ya kunyonya, nashukuru, lakini alikuwa ameshapakua programu mbili za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nilimsihi azifute programu zake zote mbili hadi ahakikishe ziko upande gani.

Kama tungempa alichoomba, kwa muda aliouomba, tungekuwa tumeongeza 110,000 juu ya upungufu wa 61,000. Kodi ya Februari ingelipwa, madeni yangefutika, na kufikia Agosti angekuwa amekopa tena kwa Mangi na kwenye simu ili kutulipa sisi. Rejesho lisingechelewa, kwa sababu tunakata moja kwa moja kwenye mshahara. Vitabu vyetu vingependeza, na yeye angezama.

Njia ilifunguka mahali ambapo hatukuitarajia. Nilimuuliza salio la mkopo wake wa chuo, akasema hajui, anajua tu kwamba anakatwa. Alipoomba taarifa, alikuta limebaki takribani 580,000. Hakuwa amefuatilia kwamba tozo ya kutunza thamani ya mkopo ya asilimia 6, iliyokuwa ikilikuza deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo kichwani mwake deni lile lilikuwa bado halina mwisho. Kwa makato ya 97,500 litamalizika Julai. Kuanzia Agosti, mwezi uleule wa kodi, mapato yake baada ya makato ya lazima yatapanda kutoka 454,500 hadi 552,000, mradi ahakikishe mwajiri amepata barua ya kumaliza deni na ameacha kukata.

Tulipanga hesabu upya kwa kuzingatia hilo. Mkopo ubaki 1,200,000, lakini kwa miezi 24, rejesho likiwa takribani 59,900. Riba yote inaongezeka kwa karibu 117,600, na nilimweleza hivyo waziwazi, kwa sababu muda mrefu si zawadi. Akiba ya SACCOS ishuke kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kipindi hiki. Kuweka akiba kwa mkono mmoja huku wa pili unakopa kwenye simu ni kujilipisha mara mbili. Michango iwekewe ukomo wa 180,000 kwa mwaka, kwa mpango wake mwenyewe: msiba kwanza, kisha ndugu wa damu, na kadi za harusi za mbali azijibu mapema kwa kiasi anachokiweza badala ya kukaa kimya na kulipa kwa aibu siku ya mwisho. Mkopo ulipe madeni yote 655,000 na kodi ya Februari 480,000, na zile 65,000 zinazosalia zisiguswe, kwa kuwa mpaka Julai atapungukiwa 7,900 kila mwezi na hicho ndicho kitakachoziba. Kuanzia Agosti, baada ya kuondoa bili zote, fungu la mambo ya mwaka lisilo na kodi ya nyumba, rejesho na ile 39,000 yake, anabakiwa na 89,600, na hapo ndipo kodi ya 80,000 inapopata pa kukaa.

Mahali hesabu ilipobana ni kwamba Agosti atakuwa na uwezo wa kulipa kodi ya mwezi lakini si ya miezi sita. Alikwenda kuzungumza na mwenye nyumba, bibi anayeishi kwenye kiwanja hichohicho, akamweleza hali ilivyo bila kuficha. Bibi alikubali kuipokea kodi ya kipindi hicho mwezi kwa mwezi, kwa sharti kwamba iwe mkononi mwake kabla ya tarehe tano.

Jambo moja alilikataa. Nilipendekeza kwamba fedha ya mama yake, 30,000, agawane na kaka zake wawili, ili yeye abaki na kumi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, kila kitu tumepunguza na sijabisha. Hicho naomba ukiache." Nilikiacha. Hesabu ilikuwa inafunga bila hicho, na hata kama isingefunga, sidhani kama kamati ya mikopo ina mamlaka ya kufika huko.

Kwenye kikao, mwenyekiti alipinga muda wa miezi 24. Hoja yake ilikuwa nzito: mkopo wa kodi ya nyumba unaotumika miezi sita usilipwe kwa miaka miwili, na tukimfungulia mmoja, kesho watakuja ishirini na kodi ya Agosti itatukuta hatuna mtaji wa kukopesha. Nilijibu kwamba zaidi ya nusu ya mkopo huu si kodi, ni madeni ya mwaka mzima yaliyokusanywa, na kwamba chanzo cha kulipia kinajulikana, kina kiasi na kina tarehe, jambo ambalo maombi mengi tunayoyapitisha kwa dakika tano hayana. Mtunza hazina alitaka tuweke sharti kwamba akimaliza mkopo wa chuo rejesho lipande hadi 75,000. Nililipinga hilo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu 15,100 hizo zingekula salio lote la 9,600 na kisha zingeingia kwenye fedha yake binafsi, na tungekuwa tumerudi kwenye chai inayosemwa kwa kuungama.

Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Ombi lilipitishwa kwa miezi 24, rejesho lisilobadilika, na sharti la kuleta barua ya kumaliza deni la chuo Agosti. Kamati pia imekubali kuongeza ukurasa mmoja kwenye fomu ya maombi, wenye nafasi ya kodi ya nyumba, shule, matibabu, michango na sikukuu kwa mwaka mzima, na mstari mmoja wa fedha ya mwombaji mwenyewe ambao hautaruhusiwa kuachwa wazi. Suala la mtaji alilolitoa mwenyekiti halijajibiwa, na litarudi kwenye kikao cha robo ijayo.